Barua kwa mwanangu: kwa nini nilikwenda Uhuru Park

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Sisi hatujambo, mama yako angali anasumbuliwa na goti, lakini anafika shambani na kurudi, na mvua za mwaka huu hazikutunyima. Nimeona heri nikuandikie badala ya kukupigia, kwa sababu swali lako ni zito na simu yetu hukatika kila tunapofika penye uzito. Uliniuliza kwa nini nilifunga safari hadi Nairobi, kwa umri wangu huu, kwenda kusimama mbele ya mnara wa ukumbusho wa Mau Mau, wale waliopigana na wakoloni msituni, mnara uliogharimiwa na serikali ya Uingereza, serikali ileile iliyomweka babu yako kizuizini. Ulinieleza kwamba mwenzako wa kazini huko Uingereza aliutaja mnara huo kuwa ushahidi kwamba mambo hayo yamekwisha na watu wamepatana, nawe ukakosa la kumjibu, kisha ukaanza kujiuliza kama hata mimi nilikwenda pale kukubali kwamba yamekwisha.

Sikwenda kwa ajili hiyo. Nilikwenda kwa ajili ya nyanya yako. Kaburi lake liko hapa nyumbani, nalo nalipalilia mwenyewe. Lakini kazi aliyoifanya wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakipambana na Mau Mau katika miaka ya 1950, haikuandikwa juu ya kaburi hilo wala mahali pengine popote, na nilipoiona gazetini picha ya sanamu ile, ya mwanamke anayempa mpiganaji wa msituni chakula huku wote wawili wamegeuza nyuso zao pembeni, nilijua kwamba kuna mtu aliyeketi akawasikiliza akina mama wa rika lake. Tangu siku hiyo nilitamani kuiona kwa macho yangu, na nikakaa na tamaa hiyo kwa miaka, mpaka nilipoona kwamba nikizidi kungoja miguu itanikatalia.

Kabla sijakueleza niliyoyaona, afadhali nikueleze mnara wenyewe ulivyopatikana, maana mwenzako anazungumza kana kwamba Waingereza waliamka asubuhi moja wakaingiwa na huruma. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya, wanaume watatu na wanawake wawili, waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London kwa mateso waliyotendewa kizuizini katika miaka ya 1950. Walisaidiwa na shirika la Kenya Human Rights Commission, na chama cha wapiganaji wa zamani, na mawakili wa kampuni ya Leigh Day. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwanza kwa kusema kwamba deni lolote la serikali ya kikoloni lilirithiwa na Kenya siku ya uhuru, yaani kwamba wazee wale waidai serikali ya nchi yao wenyewe. Jaji aliikataa hoja hiyo mwaka 2011. Mwaka uliofuata wakili wa serikali alikiri mahakamani kwamba hawakanushi kuwa wazee hao waliteswa, lakini akashikilia kwamba muda mrefu mno umepita kwa kesi kusikilizwa kwa haki. Hoja hiyo nayo ilikataliwa tarehe 5 Oktoba 2012. Wakati huo wawili kati ya watano walikuwa wameshafariki dunia, wakabaki Paulo Muoka Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara.

Huyo Wambugu wa Nyingi nataka umkumbuke, kwa sababu alikuwa katika kambi ya Hola tarehe 3 Machi 1959, siku ambayo wafungwa 11 waliuawa kwa marungu kwa sababu walikataa kazi ya kulazimishwa. Yeye alipigwa hadi akadhaniwa amekufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba wale 11 walikufa kwa kunywa maji, na ilichukua uchunguzi kuuweka ukweli hadharani. Mtu wa namna hiyo, aliyenusurika akiwa miongoni mwa maiti, ndiye aliyepanda ndege uzeeni kwenda kuwaeleza mahakimu wa London yaliyompata. Kwa hiyo mwenzako akikuambia kwamba mnara ni zawadi ya Waingereza, mwambie kwa upole kwamba hakuna aliyeutoa kwa hiari. Ulitolewa baada ya wazee kushinda mahakamani mara mbili.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama katika bunge lao akakiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, akasema serikali yake inasikitika kwa dhati. Alitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228, gharama za kesi zikiwa ndani ya fedha hizo hizo, na akaahidi kwamba serikali yake itasaidia kujenga mnara wa ukumbusho Nairobi. Katika hotuba hiyo hiyo alisema kwamba Uingereza bado haikubali kubeba dhima kisheria. Wewe ni hodari wa hesabu kuliko mimi. Ukigawanya fedha zile utaona kwamba hazifiki pauni 4,000 kwa mtu, hata kabla ya kuondoa gharama za kesi. Babu yako hakupata hata senti, kwa kuwa alikuwa ameshafariki kabla kesi haijafunguliwa. Wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi yao baadaye, ikasikilizwa kwa miaka, na mwaka 2018 ikatupiliwa mbali kwa sababu ileile ya muda, ambayo wale wazee watatu walikuwa wameishinda. Hao wapo hadi leo, wale waliobaki, na baadhi yao nawafahamu. Siwezi kusimama mbele yao nikasema yamekwisha.

Mnara ulizinduliwa tarehe 12 Septemba 2015, na maelfu ya wazee walikusanyika kutoka kila upande kuushuhudia. Mimi sikuwamo siku hiyo. Nilikwenda baadaye, bila sherehe, siku ya kawaida ya kazi, nikapanda matatu mapema kutoka Nyeri ili nifike kabla jua halijawa kali. Ya njiani hayana la ajabu. Nilishuka mjini nikatembea polepole hadi Uhuru Park, nikaulizia upande wa Freedom Corner, mahali ambapo akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula mwaka 1992 pamoja na Wangari Maathai, wakidai wana wao waachiliwe. Naona ni jambo jema kwamba mnara umewekwa karibu na pale. Akina mama wale wa 1992, wengi wao watu wazima, walikuwa wasichana au wake vijana wakati wa Hali ya Hatari, na sidhani kwamba ujasiri wa kukaa mbele ya askari wenye virungu waliupata siku ile.

Sasa nikueleze sanamu. Mwanamke yuko upande mmoja, mpiganaji upande wa pili, na kati yao kuna chakula. Mikono inakaribiana, vichwa vimegeuzwa kila kimoja upande wake, kwa makusudi, kiasi kwamba hata ukizunguka na kutafuta mahali pa kusimama hutapata mahali ambapo macho yao yanaonana. Nilizunguka kweli, mwanangu, kwa mwendo wangu wa mkongojo, na kijana mmoja aliyekuwa akipiga picha akadhani nimepotea, akaja kunisaidia. Aliniuliza kama watu hawa wawili wamegombana. Nikamwambia aketi, nikamsimulia ninayokusimulia wewe sasa.

Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na Gavana Evelyn Baring, na hasa kuanzia 1954, watu zaidi ya milioni moja wa upande wetu huu walibomolewa nyumba zao zilizotawanyika matutani, wakakusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Nyanya yako aliwekwa katika kimoja cha vijiji hivyo. Kulikuwa na saa za kutoka na saa za kurudi, na aliyechelewa alipigwa au kupigwa risasi. Wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa. Babu yako alikuwa kambini, na hakuna aliyejua kama yu hai. Wanawake ndio waliochimba lile handaki refu la ukingo wa msitu wa Mlima Kenya, la kilomita zipatazo 80, lililochimbwa ili wapiganaji wasiweze kushuka kutafuta chakula na wanakijiji wasiweze kupanda kuwapelekea. Fikiri kuhusu jambo hilo: mwanamke anapewa jembe asubuhi achimbe shimo la kumnyima chakula mwanawe au mumewe, na askari amesimama juu yake. Nyanya yako alichimba. Alikuwa amenibeba mgongoni, kwa maana nilizaliwa ndani ya kijiji kile, na wala sikumbuki chochote. Yote haya niliyapata kwake.

Na usiku, au saa ya kuteka maji, wanawake hao hao walipeleka chakula. Hawakuwa na kingi, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa na njaa na watoto wengi walikufa. Kila nyumba ilitoa kidogo, viazi vitamu viwili hapa, kiganja cha maharagwe pale, vikafungwa katika majani ya migomba na kufichwa chini ya mzigo wa majani ya mbuzi. Nyanya yako alipokezwa mzigo na mwanamke mwingine ambaye hakumwambia umetoka kwa nani, akauacha penye mizizi ya mti fulani karibu na mto. Siku nyingine mtu alikuwa amekwisha kufika. Siku hizo alinyoosha mkono huku ametazama maji, naye mtu yule akapokea huku ametazama msitu, hakuna aliyesalimu. Nilipokuwa kijana nilimuuliza kama hakuwa na hamu hata kidogo ya kumjua mtu yule ambaye kwa ajili yake alikuwa akihatarisha uhai. Alinijibu kwamba hamu alikuwa nayo, lakini hamu hiyo ingeweza kumwua yule mtu.

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa ameuona upande wa pili. Wakati wa uchujaji, yaani askari walipowasaka wafuasi wa Mau Mau kati ya wanakijiji, watu walipangwa mstari uwanjani, na mbele yao akaletwa mtu aliyefunikwa gunia kuanzia kichwani, lenye matundu mawili tu ya macho. Kila mmoja alipita mbele ya gunia lile. Likitikisa kichwa, ulipelekwa kizuizini au mahali pabaya kuliko kizuizini, na hukujua kamwe kama ndani yake alikuwa jirani yako, shemeji yako, au mtu uliyekula naye juzi. Mjini Nairobi ilifanyika hivyo hivyo kuanzia tarehe 24 Aprili 1954, jiji lilipozingirwa na maelfu ya watu wakakamatwa kwa muda mfupi. Nyanya yako alipita mbele ya gunia na hakutajwa. Aliamini hadi mwisho wa uhai wake kwamba hakutajwa kwa sababu hakujulikana, na kwamba hata kama angeteswa asingekuwa na jina la kutoa kwa kuwa hakuwa nalo. Ndiyo maana nimekuambia kwamba aliyeibuni sanamu ile alisikiliza. Angeweza kuwachonga wawili hao wakitazamana kwa upendo, na watu wangepiga picha kwa furaha zaidi, lakini ungekuwa uongo. Wale wawili walipendana kwa kutojuana, na walilindana kwa njia hiyo hiyo.

Kijana yule alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliondoka, na nilimwona akisimama tena mbele ya sanamu, akigeuza kichwa chake kama yule mpiganaji, akijaribu.

Najua utaniuliza kuhusu mnara mwingine, kwa sababu ulipokuwa mdogo ulipenda nikupitishe barabara ya Kimathi. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu aliponyongwa katika gereza la Kamiti, inamwonyesha akiwa na bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili, na inastahili kuwapo. Kaburi lake halijulikani, kwa hiyo sanamu ni mahali pa familia yake na pa sisi sote kusimama. Kule Uhuru Gardens, barabara ya Lang'ata, ndipo bendera yetu ilipopandishwa usiku wa tarehe 12 Desemba 1963, na kuna minara ya uhuru na sasa jumba kubwa la makumbusho. Hayo ni makumbusho ya ushindi na ya mashujaa wenye majina. Nimeyatembelea na kuyaheshimu. Hata hivyo, nyanya yako hakuwa na bunduki, hakupandisha bendera, na siku ya uhuru alikuwa akipalilia. Muthoni wa Kirima, ambaye aliingia msituni na kufikia cheo cha jemadari, tunamjua na tunamtaja kwa fahari. Wanawake waliomlisha Muthoni hatuwajui, na sharti la kazi yao lilikuwa kwamba wasijulikane.

Sasa nije kwenye uchungu wa swali lako, maana naona uchungu wake hauko kwa Waingereza peke yao. Unauliza kwa nini ilibidi fedha za mnara zitoke kwa waliotesa. Mimi nami nilijiuliza, na jibu halitufurahishi. Chama cha Mau Mau kilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, na marufuku hiyo iliendelea kuwa sheria ya Kenya huru kwa miaka 40, hadi ilipoondolewa mwaka 2003 chini ya Rais Kibaki. Mzee Kenyatta mwenyewe, mwaka mmoja kabla ya uhuru, alisema hadharani kwamba Mau Mau ilikuwa ugonjwa ulioangamizwa na usikumbukwe tena. Nilikua nikisikia kwamba tusahau yaliyopita na tujenge taifa. Babu yako alisikia maneno hayo akiwa ametoka kambini na mguu usiopinda, na alikuwa anaiheshimu sana serikali, kwa hiyo alinyamaza. Ni katika Katiba ya 2010 ndipo sikukuu ya tarehe 20 Oktoba ilipobadilishwa kutoka Siku ya Kenyatta ikawa Siku ya Mashujaa. Tulikuwa na mawe, tulikuwa na mafundi, na tulikuwa na nchi yetu wenyewe; tulichokosa ni nia. Naona aibu hiyo ni yetu, na sitaki kuifunika kwa kuwalaumu wageni.

Sababu mojawapo ya ukimya ule unaijua, kwa kuwa iko ndani ya ukoo wetu. Kaka mkubwa wa babu yako alikuwa homgadi, yaani askari mgambo wa upande wa wakoloni. Wakati babu yako yuko kizuizini, mashamba ya ukoo yaliunganishwa na kupimwa upya kwa mpango wa serikali ya kikoloni, na waliokuwapo na kuaminiwa na serikali ndio waliokaa vikaoni. Babu yako alirudi akakuta kipande chake kimekuwa cha mawe, na cha kaka yake kimefika mtoni. Waliishi hivyo, wakisalimiana kwa heshima na kuzikana kwa heshima, bila kulizungumzia jambo lile hata siku moja mbele yetu. Nyumba nyingi za Nyeri, Murang'a na Kiambu zina habari ya namna hii. Na pia sitakuficha kwamba Mau Mau nao waliua watu wasio na hatia. Kule Lari, usiku wa tarehe 26 Machi 1953, waliwachoma ndani ya nyumba wanawake na watoto wa familia zilizokuwa upande wa serikali, na kisasi kilichofuata kiliua wengine wengi. Maandishi ya mnara yanasema kwamba ni ukumbusho wa waliopatwa na mateso katika wakati wa ukoloni kati ya 1952 na 1960, na kwamba ni ishara ya maridhiano kati ya serikali ya Uingereza, Mau Mau na wote walioumia. Nilisimama muda mrefu kwenye maneno hayo ya mwisho, wote walioumia, nikiwaza kama kaka ya babu yako yumo. Nadhani wanawe wamo. Yeye mwenyewe bado sijaamua.

Kuhusu maridhiano yenyewe, mwanangu, nitakuambia ninavyofikiri bila kuzunguka. Kusikitika si kuomba radhi. Mfalme Charles alipokuja mwishoni mwa Oktoba 2023 aliweka shada la maua Uhuru Gardens, akasema kwamba ukatili uliotendwa hauna udhuru, na kwamba ana majuto makubwa. Nilimsikiliza kwa makini, na neno la kuomba msamaha halikutoka, kwa sababu neno hilo lina gharama mahakamani. Sisemi hivi kwa chuki. Nina heshima kwa wale Waingereza waliofanya kazi ya kufichua mambo haya, wanahistoria na mawakili, na wewe unaishi na watu wema huko. Lakini mwenzako akisema mnara umefunga hesabu, jibu lako liwe kwamba waliosaini mapatano ya 2013 walikuwa watu 5,228, ilhali waliowekwa kizuizini kwa hesabu za wakoloni wenyewe ni makumi ya maelfu, na walionyongwa ni zaidi ya 1,000. Mnara ni mahali pa kuanzia mazungumzo hayo. Mimi nimeuchukua kama wetu kwa sababu mwanamke aliyesimama pale ni wetu, na jina la aliyelipa fundi halibadilishi sura yake.

Nimalizie kwa ombi, na ombi hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kungoja uje likizo. Wakati wa kesi ile, mwaka 2011, ilifichuka kwamba Waingereza walipoondoka Kenya mwaka 1963 walisafirisha kwa siri faili zipatazo 1,500 za serikali ya kikoloni, na nyingine wakazichoma moto. Faili zilizonusurika zilikuwa zimefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, kwa miaka karibu 50. Humo ndimo ilimo barua ya mwaka 1957 ambayo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring kuhusu kuwapiga wafungwa, akisema kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Faili hizo sasa ziko wazi kwa umma katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, kusini-magharibi mwa London, chini ya alama FCO 141. Kadi ya msomaji haitozwi ada. Unapeleka kitambulisho na uthibitisho wa anwani yako, kisha unaagiza faili kwa namba zake kabla ya siku ya kwenda.

Nakuomba uende. Nitakutumia katika barua nyingine majina ya kambi ambazo babu yako alizitaja, kwa mpangilio ambao mimi na mama yako tunaukumbuka, pamoja na namba iliyokuwa kwenye kipande chake, yaani kitambulisho cha enzi ya ukoloni, ambayo niliinakili kabla karatasi haijaoza. Usitarajie kuona jina lake kwa urahisi, kwa sababu makarani waliandika majina yetu kila mmoja alivyosikia. Jaribu jina la baba yake pia, na jina la lokesheni yetu ya zamani. Ukikuta orodha ya kijiji chetu, hasa orodha ya wanawake waliopelekwa kuchimba handaki, piga picha kila ukurasa hata kama nyanya yako hamo, kwa kuwa wapo wazee hapa wanaotafuta mama zao na hawana mtu Uingereza. Nimeshawaambia wawili kwamba nina binti huko.

Mama yako anakusalimu, naye anataka kujua kama baridi imepungua.

Mimi baba yako akupendaye.